Kiboko na Fimbo Iliyolilia Chumvi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao kama sisi, Kiboko aliishi pale mto unapoingia baharini. Kwa kuwa hakuna aliyemzidi ukubwa, alitangaza kwamba kila kilichomo majini ni chake. Nani angembishia?

Mwaka mmoja mto ukafurika, ukamletea kigunduzi. Kilikuwa fimbo ndefu yenye sahani chini, nayo hulia ikipita juu ya madini kama chuma na fedha. Kiboko akaijaribu uani. Juu ya msumari, tii! Juu ya kijiko cha mkewe kilichopotea, tii! Akafurahi kupita kiasi.

Jirani yake Digidigi, yule mdogo mwenye miguu kama vijiti, akaja na shikamoo yake. Akaeleza kuwa zamani bibi yake aliteleza akivuka ghuba pale mto unapoingia baharini, na mkufu wake wa sarafu za fedha ukakatika, ukazama. Sasa binti yake Digidigi anaolewa, na hana pambo la kumvika. Je, Bwana Kiboko angemtafutia?

"Nitazitafuta," akasema Kiboko, "ila nikizipata ni zangu. Zimo majini."

Digidigi akaomba angalau aje kutazama. Akakubaliwa.

Maji yalipokupwa, Kiboko akaingia baharini, na rafiki yake Nyati akamfuata na jembe. Fimbo ikashushwa. Ngiii! Wakachimba, wakapata mchanga. Wakasogea. Ngiii! Mchanga tena. Kushoto ngiii, kulia ngiii, nyuma ngiii. Karibu na jiwe jeusi ikalia ngiii, ikashtuka, tii! kisha ngiii tena, lakini Kiboko hakusikia tofauti. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Aliitikisa fimbo, akaipulizia, akaigeuza juu chini. Bahari nzima imejaa fedha, au yeye ndiye amepata wazimu? Hakujua acheke au alie.

Digidigi yeye alikuwa amesimamisha masikio kimya.

"Bwana Kiboko," akasema, "fimbo yako inalilia chumvi."

Kiboko akamwambia huo ni upuuzi. Basi Digidigi akamwomba aipandishe kwenye mchanga mkavu. Ikanyamaza. Akamwagia mchanga uleule ndoo ya maji ya bahari. Ngiii! Kiboko akaketi chini puu. Uani ilililia kijiko, hapa inalilia maji, sasa aiamini wapi? Kadiri alivyofikiri ndivyo kichwa kilivyozidi kumzunguka.

Digidigi akamsogelea kwa adabu. Akasema mboga zake nyumbani hazina ladha, na pale penye jiwe jeusi fimbo imelia vizuri. Angeweza kupewa kinachoiliza pale?

Kiboko akacheka, kwanza kwa sababu ombi lilikuwa dogo, chumvi ya mboga tu, pili kwa sababu hilo angalau alilielewa. "Chukua! Kila kinachoiliza pale nimekupa, leo na siku zote. Nyati, wewe shahidi."

Nyati akasema amesikia.

Kiboko akaenda kulala na kitambaa chenye maji usoni. Digidigi akaazima jembe, akachimba penye jiwe jeusi, na Nyati akamwona akitoa sarafu moja baada ya nyingine, nyeusi tititi kwa kukaa kwenye chumvi. Akazisugua kwa majivu na ndimu hadi zikang'aa.

Siku ya harusi Kiboko alimwona bibi harusi amevaa mkufu wa sarafu za fedha, na kijiko cha pilau kikabaki hewani. Akamwendea Digidigi.

"Niambie ukweli. Fimbo ilililia chumvi, au ilililia fedha?"

"Vyote viwili, Bwana Kiboko. Kwa chumvi hulia bila kupumzika, kwa fedha hushtuka. Nilikuambia juu ya chumvi, nami sikukudanganya. Juu ya fedha hukuniuliza."

"Basi zimetoka majini. Ni zangu."

Nyati akaweka sahani yake chini. "Ulisema kila kinachoiliza pale ni chake, ukaniita shahidi. Mimi nilisikia, na nitasema mbele ya yeyote."

Kiboko akamtazama Nyati, akatazama sarafu, akatazama Nyati tena. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, tena aliyasema akicheka. Akarudi mkekani, akala pilau yake.

Basi wanangu, mwenye nguvu ya kuchukua kila kitu aelewe kwanza kitu chenyewe kabla hajafungua mdomo kukitoa.