Mtungi wa Uzeeni wa Mama Nguchiro

— Ngano yangu imesimama mlangoni!
— Ifungulie!
— Ina vumbi la njia!
— Ipe maji, ipe kigoda!
— Imekaa. Nyamazeni basi, ianze.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakienda kazini kama watu, Mzee Tembo alikuwa na kiwanda cha asali bondeni, penye migunga. Kila alfajiri alipiga mkonga wake, pwaaaa! na wafanyakazi wakaja mbio, wengine hata uso hawajanawa. Komba alipanda miti kurina asali. Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mwili mwembamba na mkia mrefu, alikaa chini kukamua masega. Kamua, chuja, mimina. Kamua, chuja, mimina. Komba akiwa juu alianzisha wimbo, Nguchiro akauitikia akiwa chini, na bonde lote likanukia moshi na nta.

Mzee Tembo alikuwa na desturi yake. Kila mavuno, sehemu ya ujira wa mfanyakazi haikuliwa. Ilimiminwa kwenye mtungi wake wa uzeeni, na Mzee naye akaongeza kata ya kwake juu. Mtungi ukijaa, unazibwa kwa nta na kuwekwa pangoni. Lakini mwenyewe hauzibi. Anauziba mwenzake wa kazi, kisha anagandamiza kiganja kwenye nta ingali laini, na kuanzia hapo yeye ni shahidi. Shahidi ndiye anayejua kwamba mtungi haujaguswa. Kwa hiyo shahidi halambi hata tone la mtungi huo, maisha yake yote. Jambo hili kila mfanyakazi wa bondeni alilijua kama anavyolijua jina la mama yake.

Mtungi wa Nguchiro ulizibwa na Komba. Alama yake ilibaki pale kwenye nta, vidole vyembamba kama vya mtoto. Siku hiyo Komba alicheka akasema, "Shoga, tukiishiwa meno tutakaa juani tulambe asali, tuwasengenye watu mpaka midomo ituume."

Haikuwa hivyo. Mzee Tembo alikufa, mkonga ukanyamaza, kiwanda kikafungwa. Komba naye alianguka mtini msimu wa upepo, akafa. Nguchiro akahamia mlimani, akapata kazi kwenye shamba la karanga la Bi Nungunungu, ambako desturi ya mitungi ilikuwa ileile. Mtungi ukabaki pangoni, bondeni. Wenzake walimuuliza, "Mtungi wako utaufanyaje?" Naye akajibu, "Nitaangalia." Msimu ukaja, msimu ukapita, na yeye akawa bado anaangalia. Ukweli ni kwamba hakutaka kurudi mahali pale akute kimya.

Siku moja akauma gamba la kaa, ka! Jino likabaki kwenye gamba. Kesho yake akauma konokono, ka! Jingine. Nguchiro akashika shavu. Akajua uzee umefika, na mnyama asiye na meno na asiye na akiba hufa njaa huku chakula kinamwangalia. Siku hiyohiyo akapata habari kutoka kwa Kakakuona, mlinzi wa pango la bondeni: pango linavuja, linakaribia kuporomoka, naye anahama. Mwenye mtungi aje aamue.

Nguchiro akashuka. Njiani akakutana na Nyegere.

Nyegere mnamjua. Ana kifua kipana, ana kucha kama majembe, na kwa asali anaweza kumuuza mama yake. Kufanya kazi hajawahi.

"Shikamoo shangazi!" Nyegere akaita. "Unakwenda wapi na hicho kimguu chako cha kijiti?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kutazama mtungi wangu wa zamani."

"Wa asali?" Udenda ukamtoka, tii, mpaka kidevuni. "Shangazi, wewe mzee. Mzee hatembei peke yake. Nitakusindikiza."

"Mola akulipe, baba."

"Atanilipa," akasema Nyegere. "Tena leo."

Walipofika bondeni, Nguchiro akasimama. Migunga ilikuwa ileile. Mahali alipokuwa akikaa kukamua palikuwa pameota majani, lakini jiwe lake lilikuwa lingali limebonyea katikati, na alipolikalia lilimtosha sawasawa. Akatega sikio. Juu ya mti hakuna aliyeimba.

"Shangazi! Umekuja kukalia mawe au kula?"

Wakaingia pangoni. Maji yalidondoka, to! to! to! Kakakuona akajikunjua akasema, "Karibu, mama. Mtungi wako ule pale. Ukiuacha hapa, paa litauangukia. Ukiufungua hapa, sheria unaijua: anayefungua kabla uzee haujamkamata sawasawa hukatwa, na nusu inabaki pangoni. Ukiuhamisha ukiwa umezibwa vilevile, hukatwi hata tone. Ila sijui utaubebaje. Ni mkubwa kuliko wewe."

"Fungua tule!" akanguruma Nyegere. "Nusu inatosha!"

Nguchiro akautazama mtungi. Akauzungushia mkono, ukagota nusu njia. Akausukuma, haukutikisika. Halafu akamtazama Nyegere, kifua kile, mgongo ule. Akapangusa pua.

"Nusu, mwanangu? Kwa tumbo lako hilo?"

Nyegere akalitazama tumbo lake.

"Huko mlimani, kwa Bi Nungunungu, kuna pango kavu," akasema Nguchiro polepole. "Mtungi ukiingia mzima, unabaki mzima. Na mlangoni wanapasha nta moto, wanatia alama mpya."

"Alama ya nani?"

"Ya aliyeuleta mgongoni."

"Ya aliyeuleta mgongoni," Nyegere akarudia. Macho yakamng'aa. Moyoni akasema, kibibi hiki kimezeeka akili. Nikishatia kiganja changu, mtungi ni wangu! Akainama, akaupakia mtungi mgongoni. "Twende, shangazi! Mimi sipendi kuona wazee wakiteseka."

Kakakuona akafungua mdomo aseme neno. Nguchiro akamkanyaga mkia.

Wakapanda. Nyegere mbele, kweche kweche kweche. Nguchiro nyuma, ti ti ti ti.

"Bado, shangazi?"

"Bado kidogo, baba."

Mawe yakaporomoka, poro poro poro. Kweche kweche. Ti ti.

"Bado, shangazi? Kiuno!"

"Bado kidogo. Utaufungua upate kupumzika? Mimi sina neno. Ila nusu ni nusu."

"Nani kasema nafungua? Nimeuliza tu!"

Wakavuka kijito, chubwi chubwi. Jua likamchoma Nyegere utosini, nzi wakamla masikio, naye hakuthubutu hata kuupangusa mtungi, asije akaukwaruza. Hakuna mama aliyewahi kubeba mtoto kwa uangalifu namna ile.

Mlangoni mwa pango la mlimani Bi Nungunungu, aliyewaona kwa mbali wakipanda, alikuwa anangoja na kijinga cha moto. Akaipasha nta, ikaanza kulainika, na harufu ikapanda. Nguchiro akafumba macho. Kwa kitambo kidogo alikuwa bondeni, asubuhi, na juu ya mti kulikuwa na mtu anaimba.

Alipofumbua, akaona kiganja cha Nyegere kimeinuka juu, kinateremka palepale kwenye vidole vya Komba.

"Pembeni!" akapiga kelele. "Pembeni, mwanangu!"

Nyegere akasimamisha mkono. "Kwa nini pembeni? Unanificha nini?"

Nguchiro akisema vibaya, mtungi umekwenda. Akinyamaza, alama ya shoga yake imekwenda.

"Hicho hapo ni kiganja cha kibarua," akasema. "Mkubwa kama wewe utalala kitanda kimoja na kibarua?"

Nyegere akafikiri. "Kweli. Siwezi." Akasogea pembeni, akagandamiza kwa uzito wake wote, gwiii! "Tazameni wote! Alama yangu hii! Mmeiona?"

"Tumeiona," akasema Bi Nungunungu. "Ni yako?"

"Yangu mimi, Nyegere! Hakuna mwingine!"

"Hongera. Wewe ndiye shahidi wa mtungi wa mama Nguchiro. Kuanzia leo hulambi humu hata tone."

Nyegere akacheka. Akatazama huku na huku, hakuna aliyecheka naye. "Shahidi? Shahidi wa nini? Alama si ndiyo umiliki?"

"Ungewahi kufanya kazi hata siku moja, ungejua," akasema Bi Nungunungu. Akaukokota mtungi ndani, akageuka, akaziba mlango kwa mgongo wake. Miba ikasimama, chwaaa! Nyegere akasogea hatua, miba ikasogea hatua. Nyegere akarudi nyuma.

"Shangazi, umenidanganya!"

"Neno gani nililokwambia si kweli, mwanangu?"

Nyegere akafikiri kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho. Hakulipata. Akakaa chini, bwete, akajikanda kiuno.

Nguchiro hakufa njaa. Meno yalipokwisha yote alitoka kila asubuhi na kibakuli chake, akakaa juani akalamba taratibu. Nyegere naye hakumwambia mtu aliyoyapata. Alikwenda kijiji hadi kijiji akitamba, "Mimi nina mtungi mlimani, una alama yangu!" Majike mawili yakakubali posa kwa sababu hiyo, na mpaka leo bado yanauliza utafunguliwa lini.

Basi, wenzangu, ngano hii ina funzo. Usijisumbue kuweka akiba ujanani. Usikamue, usichuje, usimimine. Kaa tu njiani, uzee ukikaribia atapita nyegere mmoja mpumbavu mwenye mgongo imara, atakubebea. Na asipopita? Hilo funzo halikuniambia.

— Ngano yangu imeinuka, inatafuta viatu!
— Isindikizeni!
— Mpaka wapi?
— Mpaka kwenye kona. Isije ikasema tumeifukuza.