Hatua Elfu Tisa za Mzee Mwambingu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya juzi tu mvua za vuli zilipochelewa, moyo wa Mzee Mwambingu ulimgomea akipalilia migomba huko milimani Taita. Hospitali ikamrudisha duniani. Siku ya kuruhusiwa, Sista Mghoi wa kliniki ya moyo mjini akampa vitu viwili: saa ya mkononi inayohesabu hatua na mapigo, na barua ya kumwahidi kiti cha mazoezi.

"Mzee, vaa hii, tembea kila siku pole pole. Mwezi ujao unaanza mazoezi hapa kwetu, kila Jumatano, wiki kumi na mbili. Viti ni kumi tu, so usinichezee."

Namba za saa zilikuwa zikiingia kwenye simu ya bintiye, Wakesho, aliyepanga chumba Voi akitafuta kazi. Digrii ya takwimu, second class upper, miaka mitatu ya kutarmac. Kila ofisi ni experience, experience, kwani mtu huzaliwa nayo? Basi hii ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza, bila mshahara: kila Jumatatu ampelekee Sista namba.

Saa ikahesabu, simu ikapokea, Sista akasoma: hatua elfu saba.

Saa ikahesabu, simu ikapokea, Sista akasoma: hatua elfu tisa.

"Babako ni simba!" akasema Sista. "Ila kila saa nne asubuhi mapigo yanapanda, halafu yanaruka ruka. Mwambie akaze mkanda wa saa, umelegea."

Wakesho akapiga simu nyumbani. Baba akasema sawa, utakazwa. Yakaisha.

Wiki ya tano Sista akakata shauri: mtu wa hatua elfu tisa amepona, kiti cha nini? Akampa Nyambu, fundi viatu wa stendi, ambaye hata ngazi tatu zilikuwa zikimtoa jasho.

Wiki ya tisa Mzee Mwambingu akainuka kwenda kufungua lango. Lango tu. Akaanguka.

Alipookolewa mara ya pili, daktari akamshika mkono. Hauna saa. Sista na Wakesho, waliokuja mbio, wakageuka. Saa ilikuwa imemkaa vizuri Mkamburi, mama yake Wakesho, aliyesimama pale na chupa ya uji.

"Mama! What is this?"

"Usinipigie Kizungu. Mgonjwa hukaa akatembelewa, hatembei yeye. Msibani nikienda mimi, nyumba imekwenda. Shamba la kanisa nikilima mimi, nyumba imelima. Walitaka hatua, nikawapa. Mtoni, shambani, sokoni. Kuna siku zilikosekana?"

Hazikukosekana, aki. Wakesho alitaka kufoka, hasira ikamgeukia mwenyewe. Miaka minne chuoni anameza fomula, na hakuwahi kuuliza swali ambalo hata muuza nyanya angeuliza: hizi namba ni za nani?

Sista Mghoi akazifungua namba upya. Kisha akamlaza Mama kitandani, akampima yeye.

"Mkanda haukuwa umelegea," akasema. "Mama, moyo unaoruka ni wako. Kila saa nne, ukipanda kilima na ndoo."

Sasa hapo ndipo mambo yalipovurugika. Viti vimejaa, kundi jingine ni baada ya miezi sita, na mwisho wa kubadili jina kwenye orodha ni Ijumaa. Sista akamvuta Wakesho kando. "Namba ulinitumia wewe. Nilizisoma vibaya mimi, nakubali. Sasa nisaidie kusema nani akae."

"Barua ina jina langu," akasema Baba kutoka kitandani. "Na niliyeanguka mara mbili ni mimi. Au mnangoja ya tatu?"

Nyambu naye akafika, kofia mkononi. "Pole, mzee wangu. Lakini mimi sikuingia kwa dirisha. Niliitwa. Nimemaliza Jumatano nne, na juzi nimepanda ngazi kumi bila kusimama. Mkinitoa katikati, nirudi ngazi ya ngapi?"

Mama alikuwa akiizungusha ile saa mkononi.

"Miaka thelathini napanda kile kilima," akasema, "hakuna aliyewahi kunihesabia hata hatua moja. Hatua zilipokuwa nzuri, mlisema ni za Baba Wakesho. Leo moyo umekuwa mbaya, mnasema ni wangu. Basi na kiti kiwe changu."

"Si ulisema mgonjwa hukaa?" Baba akamchokoza. "Kaa nyumbani, basi."

"Nikikaa, utapika wewe?"

Wakesho akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Akimpa Baba, anamrudisha Mama kilimani na ndoo. Akimpa Mama, lile lango lingali palepale. Akimwachia Nyambu kiti, atawaambia nini wazazi wake mezani? Akimtoa, Nyambu alikosa nini? Probability alifundishwa, hii hakufundishwa na mtu.

Ijumaa ikafika. Sista akashika kalamu. "Haya, Wakesho. Nani?"

Nyinyi mlioketi hapo mkitafuna karanga za watu, msijifanye hamkusikia. Midomo mnayo. Kalamu bado iko hewani. Je, kiti kile kilimstahili nani?