Pikapu Iliyozibwa Mdomo

Gari lilikuwa linazima kila likisimama. Tatizo lilikuwa hilo tu, na methali mnayoniuliza ilitoka hapo. Asubuhi mmemsikia yule mama wa viazi pale stendi, anayechechemea, akimwambia binti aliyekuwa anamfunika mtoto kanga mdomoni: "Anayelia huulizwa, hazibwi mdomo." Mkacheka, mkaja kuniuliza kama ni ya wazee wa zamani. Si ya zamani. Ina miaka kumi na mmoja, na aliyeisababisha ni mimi. Kaeni.

Wakati huo karakana hii ilikuwa ya watu wawili, mimi na Asukile. Mimi ndiye niliyemshikisha spana. Alikuja hapa Tukuyu hajui plagi ni nini, nikamfundisha. Tukachanga tukanunua boksi moja la spana, spana kumi na mbili, tukalitumia pamoja. Baada ya miaka minne alikuwa amenipita. Mji mzima ulijua. Wa mwisho kujua nilikuwa mimi.

Asukile alikuwa na sikio. Likija gari ambalo mngurumo wake unapanda na kushuka wenyewe huku limesimama, mimi nilikuwa nafungua vyuma. Yeye alikuwa anauliza. Linasumbua asubuhi au mchana? Ukiwasha taa? Ukikata kona? Kisha anachukua kipande cha mpira wa mafuta, ncha moja sikioni, ncha nyingine anaipitisha juu ya injini polepole, macho ameyafumba. Wateja walinyamaza kama wako kanisani. Mara anagusa kwa kidole: "Hapa." Na kweli inakuwa ni hapo.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimemshikia tochi.

Wateja wakaanza kuniuliza, "Asukile yupo? Hayupo? Basi nitarudi." Mke wangu akileta chai alimmiminia yeye kwanza, eti mgeni huanza. Miaka minne, bado mgeni! Jumapili moja nilijifungia humu ndani peke yangu, nikawasha gari, nikaweka ule mpira sikioni. Sikusikia kitu. Nilisikia makelele, na damu yangu mwenyewe inagonga.

Asukile akafiwa na shangazi yake, akaenda kuzika, siku tatu. Siku ileile aliyoondoka, Mama Sekela akaja na pikapu. Alikuwa mjane, na ile pikapu ndiyo iliyomlisha. Alipakia viazi huku juu, akavishusha Kyela.

"Asukile yuko wapi?"

"Msibani. Mimi nipo."

Akanitazama kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa maharage. "Haya, fundi. Linazima nikikanyaga breki."

"Linazima ukisimama," nikamsahihisha.

"Nimesema nikikanyaga breki."

"Mama, sasa utasimamaje bila kukanyaga breki? Niachie gari."

Nilibadilisha plagi. Nikashusha kabureta, nikaiosha, nikairudisha. Bado. Siku ya pili nikaishusha tena. Bado. Kila nilipoinama, nilikuwa namwona Asukile amerudi, amefumba macho, anagusa kwa kidole mbele ya yule mama. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Gari halikuwemo.

Basi nikachukua bisibisi, nikakaza ile skrubu inayopandisha mngurumo. Nikaipandisha mpaka injini ikawa inaunguruma kwa nguvu, haizimi hata ufanyeje. Mama Sekela alipokuja nikamwambia awashe, akanyage breki. Akakanyaga. Injini ilishtuka kidogo, ikaendelea.

"Ndaga fijo, asante sana, fundi!" akasema, akacheka. "Kumbe na wewe unaweza."

Na wewe. Nililala na neno hilo.

Siku ya tatu asubuhi Asukile alirudi. Hata mfuko hajautua begani, pikapu ikapita hapo barabarani, imejaa viazi, Mama Sekela akatupigia honi. Asukile akasimama, kichwa amekiinamisha upande.

"Kaka, lile gari linalia."

"Liko sawa. Nimelitengeneza mimi."

"Umelipandishia mngurumo tu. Alikwambia linazima wakati gani?"

Nikajifanya nafuta bisibisi. Nilikuwa najua.

"Kama ni akikanyaga breki, ni lile bomba la hewa linalotoka kwenye injini kwenda kwenye breki. Lina ufa. Injini inavuta hewa isiyo yake, ndiyo maana inazima. Bomba likipasuka lote, pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na yeye ana mzigo. Injini ilikuwa inamwambia, kaka."

"Umemaliza kumzika shangazi yako, sasa umekuja kunizika mimi?"

"Twende tumfuate. Hajafika mteremkoni."

"Ukimfuata mteja wangu usirudi hapa. Nani alikushikisha spana? Eh? Funga mdomo wako."

Akaufunga. Alikuwa ananiheshimu, ndiyo maana. Akatua mfuko, akachukua ufagio, akaanza kufagia karakana iliyokuwa safi.

Habari ilifika saa saba mchana. Kwenye kona ya chini, kabla ya daraja, pedali iligoma. Mama Sekela aliikanyaga kwa miguu yote miwili. Haikushuka. Pikapu ikaacha barabara, ikaingia mtoni, na mguu wake wa kulia ukabanwa humo ndani. Walimtoa kwa mitaimbo.

Jioni gari lilipovutwa, Asukile aliingia chini yake peke yake. Akatoka na lile bomba, limechanika upande wa chini ambako jicho halifiki. Akaniwekea mkononi. Nilitamani anitukane.

"Nilinyamaza kwa ajili yako," akasema. "Sitanyamaza tena kwa ajili ya mtu."

Nilikwenda hospitali siku ya nne. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaniishia mlangoni. Nikasema, "Mama, ulinieleza. Nikaipandisha injini ili kilio chake kisisikike, Asukile asije akaonekana ndiye aliyeiponya."

Akautazama mguu wake, umening'inizwa kwa kamba.

"Fundi, una watoto?"

"Watatu."

"Mmoja akilia, unafanyaje?"

"Namuuliza ana nini."

"Basi. Anayelia huulizwa, hazibwi mdomo." Akageukia ukutani.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alisikia, na waliomletea uji walisikia. Jumapili maneno yalikuwa sokoni. Leo wanayasema hata watu wasiojua kama kulikuwa na gari.

Mnataka kujua maana yake? Niwahesabie. Miezi mitano hospitalini. Mguu mmoja, uliounga ukawa mfupi kwa vidole viwili. Ndio huo mliouona ukichechemea stendi leo. Magunia kumi na tisa ya viazi, yalichukuliwa na maji. Pikapu moja, haikuwaka tena, na mwenyewe sasa anauza viazi kwa ndoo, amekaa chini. Spana kumi na mbili tukagawana na Asukile, sita zake, sita zangu. Ya saizi namba kumi na ya saizi namba kumi na tatu ziliangukia kwake, na hizo ndizo zinazofungua nusu ya gari. Nimenunua nyingine, ila kwenye boksi nafasi zake nimeziacha wazi. Na Asukile mwenyewe, mmoja, yuko Uyole. Miaka kumi na mmoja hatujanywa chai pamoja.

Anayelia huulizwa, hazibwi mdomo.