Jiwe la Korongo la Mkwe

Sogeeni karibu, na kila mmoja aiweke hukumu yake mfukoni kwanza. Nawajua: nikitaja gari tu, nusu yenu mtapiga kelele "Dereva!" kabla sijafika katikati. Subirini.

Walikuwako marafiki watatu, wasichana waliosoma chuo kimoja na kulala bweni moja. Ndeshi alikuwa na miguu: akikanyaga klachi, lile gari kuukuu la babu yake lilitulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kabula alikuwa na macho: akitazama tope, alijua wapi chini yake pana jiwe na wapi pana shimo. Semeni alikuwa na mikono: baba yake kazi yake ilikuwa kufunga mizigo kwenye malori, na fundo la Semeni halikufunguka mpaka atake mwenyewe.

Walipendana, sikatai. Lakini Kabula aliihusudu miguu ya Ndeshi, maana dereva ndiye anayepigwa picha. Ndeshi aliyahusudu macho ya Kabula, maana bila Kabula kutangulia na kumwonyesha njia kwa mikono, hakuthubutu kupanda hata tuta. Na Semeni aliwahusudu wote wawili, maana kila walikokwenda yeye ndiye aliyerudi na tope masikioni, na hakuna aliyewahi kuuliza jina lake.

Jumamosi moja baada ya masika wakaenda Sanjara, bonde lililotengwa kwa watu wanaopenda kuendesha magari kwenye tope, miinuko na mawe. Njia zote za bonde hilo zinaishia Korongo la Mkwe, liitwalo hivyo kwa sababu, kama nyumbani kwa mkwe, huliingii kwa majivuno. Juu ya korongo kuna jiwe. Kila mwaka, gari la kwanza kulivuka korongo baada ya mvua huandikiwa jina kwenye jiwe hilo kwa chokaa: jina moja, la mtu mmoja, likae pale mpaka masika mengine. Mama Shangali, mwenye bonde, ndiye mwenye brashi. Siku ile jiwe lilikuwa tupu. Na tangu lianze kuandikwa, halijawahi kuandikwa jina la mwanamke.

Asubuhi walikubaliana: Ndeshi aendeshe mpaka korongoni, kisha ampishe Kabula. Walipofika, Ndeshi hakubanduka kitini.

"Shoga, teremka. Zamu yangu."

"Hili gari la babu yako au la babu yangu?"

"Ndeshi, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kabla sijaliona korongo lenyewe. Nenda mbele ukanielekeze."

Kabula akaenda mbele, moyo ukiwaka hasira. Semeni, bila kuombwa na mtu, akabeba winchi ya mkono, ile ya kuvutia magari yaliyokwama, akaifunga kwenye mti juu ya mwinuko, akavuta waya wake mpaka kwenye ndoano ya gari.

"We mtu wa malori," wenzake wakamcheka, "tumeshakwama?"

Semeni akaikaza ndoano.

Gari likaanza kupanda. Chini nyuma yao, upande walikotokea, vijana wenye gari jekundu walisimama wakitazama, simu juu. Kabula alipoona simu zote zimemwelekea Ndeshi, akashindwa kuvumilia. Akanyanyua mikono miwili akawapungia, wamwone naye. Sasa, kwa hawa marafiki mikono miwili juu ilikuwa na maana moja tu: kanyaga mafuta, njoo! Ndeshi akakanyaga. Gurudumu la nyuma likatoka ukingoni, likabaki linazunguka hewani.

Ndeshi angeweza kuruka. Mlango wake ulikuwa upande wa nchi kavu. Hakuruka. Alijua akiuinua mguu kwenye breki, waya ule wa zamani hautalibeba gari peke yake. Akabaki ndani, amekanyaga, akiilegeza kidogo tu waya ulipovuta.

Kabula angeweza kukimbilia pembeni. Hakukimbia. Akalala kifudifudi topeni, na kila gari lilipopanda kidogo akasukuma jiwe chini ya tairi kwa mkono, lisirudi. Gari likiteleza, mkono umekwenda.

Semeni angeweza kupiga mayowe. Hakupiga. Akaushika mpini wa winchi akavuta, akavuta, gari likaja kidogo kidogo. Lilipofika nusu ya njia, akaacha.

"Semeni! Vuta!"

"Jina la nani litaandikwa kwenye jiwe?"

"Una wazimu? Mguu wangu unatetemeka!"

"Nimeuliza swali."

"Lako! Litaandikwa lako!"

"Na wewe uliyelala huko chini?"

"Lako, lako, dada yangu, vuta! Mkono wangu!"

Semeni akavuta. Magurudumu yote manne yakakanyaga udongo mkavu. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Kisha Mama Shangali akaja na kopo la chokaa.

"Hongereni, wanangu. Niandike nani?"

"Mimi," wakasema wote watatu.

"Wewe si uliniahidi?" Semeni akamgeukia Ndeshi.

"Ahadi ya mtu aliyekabwa koo ni ahadi? Mimi nilikaa ndani ya gari linaloanguka!"

"Ulikaa kwenye kiti changu," akasema Kabula. "Ungenipisha, ningempungia nani?"

"Nani alikutuma umpungie mtu?"

"Na mimi niliufunga waya mkinicheka," akasema Semeni. "Nisingeufunga, leo tungeandikwa kwenye mawe ya aina nyingine."

"Ulituacha tunaning'inia, Semeni!"

"Kwani ningewauliza tukiwa hapa juu, mngenijibu?"



Mama Shangali akatazama bondeni. "Jina ni moja, hilo sibadilishi. Mkishindwa kukubaliana, jiwe linabaki wazi, na gari litakalofuata ndilo litakaloandikiwa." Kule chini gari jekundu lilikuwa limeshawashwa. Lilikuwa linapanda taratibu, juu ya alama zilezile za matairi ya gari la babu yake Ndeshi.

Haya. Wewe uliyetaka kusema "Dereva!" tangu mwanzo, sema sasa, tukusikie. Wewe unayenong'ona kwamba waandikwe wote, sharti umelisikia. Na wewe unayeona heri jiwe libaki tupu, geuka utazame ni nani anayekuja. Brashi hii hapa, ishike. Chokaa inadondoka. Unaanza na herufi gani?