Shuka la Mwisho la Bi Kusuma

Hapo zamani, tena zamani hasa, msije mkaniuliza mwaka, katika nchi ya mpunga na milima huko mashariki, palikuwa na mjane aitwaye Bi Kusuma, mfumaji wa nguo. Alikuwa na watoto watatu: Piyadasa kifungua mimba, Gunapala wa kati, na binti, Somavati, kitinda mimba. Usicheke, wewe! Majina hayo yanakupinda ulimi, na lako lingewapinda wao.

Watu wa huko walimfuata Budha, maana yake Aliyeamka. Walisema moyo wa mtu unaungua: tamaa inauchoma, hasira inauchoma, hofu inauchoma. Anayeamka, moto huo humzimikia, akatulia asitikisike tena. Bi Kusuma aliutamani utulivu huo tangu usichana wake, lakini mjane mwenye vinywa vitatu vya kulisha atatulia saa ngapi? Watoto walipokua akawaambia, "Nendeni mkawe watawa, mkautafute. Mmoja wenu akifika, nami nitakuwa nimefika."

Wakaenda wote watatu.

Piyadasa alikaa miguuni pa mwalimu. Akiambiwa keti, anaketi. Akiambiwa nyamaza, ananyamaza. Alifuata neno kwa neno mpaka moto ukazimika. Akaamka.

Gunapala, loo, huyo tangu utotoni haambiliki! Aliingia msituni peke yake, hana mwalimu, hana mwenzake. Akatazama majani yanavyochipua na yanavyopukutika, akaelewa mwenyewe. Akaamka. Akabaki huko huko, kimya.

Somavati naye alifika mlangoni kabisa pa utulivu huo. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akasikia nyuma yake mtu analia. Akageuka. Akasema, "Siingii mimi mpaka wote waingie." Akarudi vijijini na utawa wake, kuuguza wagonjwa na kuwaonyesha watu njia. Kwa hiyo hajaamka. Bado analia, bado anakasirika, na akikasirika Somavati, mtaa mzima unajua.

Sasa shikeni desturi yao, maana hapa ndipo penye kazi. Mvua zikiisha, watu huwapa watawa shuka. Hufumwa na kutolewa siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Hupewa mtawa mmoja tu, wala halikatwi. Na mtawa akijiombea kwa kinywa chake, amelikosa.

Mwaka huo macho ya Bi Kusuma yalikuwa yamekwisha. Alifuma kwa kupapasa, na alijua hatafuma tena. Akawaita wanawe. Hata Gunapala alitoka msituni, majani kichwani. Mama akampapasa mbavu, "Masikini mwanangu, umekonda!" Mtu ameamka, ameshinda dunia, bado mamake anamwuliza amekula nini.

"Wanangu," akasema, "hili nataka nilitie mikononi mwa aliyefika kweli. Gizani humu ninamoingia, nijue sikuwatoa bure. Ni nani?"

Nani ajisemee alikose?

Piyadasa akasema, "Mama, mpe Gunapala. Mimi nilishikwa mkono kama mtoto. Yeye hakuwa na wa kumwonyesha, akaiona njia mwenyewe. Nani amefika kumshinda huyo?"

Gunapala, ambaye alikuwa hajasema neno miaka mingi, akakohoa kwanza. "Mpe Somavati. Mimi niliyoyaona sijamwambia mtu. Watu walipita karibu yangu wakiungua, nikawatazama tu. Yeye mlango ulikuwa wazi mbele yake, akauacha kwa ajili ya watu asiowajua hata majina."

Somavati akaruka. "Acheni mchezo! Mpe kaka Piyadasa, mama. Shuka la aliyefika utampaje mtu aliye njiani? Kila kijiji ninachoingia wananiuliza, 'Hebu tuambie, yupo aliyewahi kufika?' Nawajibu yupo, kaka yangu, kwa njia hii hii niliyowaonyesha. Wakisikia hivyo, wanainuka. Asingefika yeye, ningewaita waende wapi?" Na machozi yakamtoka, kama kawaida yake.

Bi Kusuma akacheka, akalia naye. "Walipokuwa wadogo waligombania ukoko wa wali, sufuria ikatoboka! Leo wanasukumiana."

Akanyoosha mikono na shuka lake. Piyadasa akalisogeza kwa Gunapala. Gunapala akalisogeza kwa Somavati. Somavati akalirudisha kwa Piyadasa. Na jua, wenzangu, limeshagusa mlima.

Na wewe uliyefungua kinywa, usiniambie wagawane, nimeshasema halikatwi. Wala usiseme mama abaki nalo. Jua likizama lingali mikononi mwake, si sadaka tena, ni kitambaa, naye ataingia gizani hajajua.

Yupo aliyefundishwa akafika. Yupo aliyefika bila kufundishwa. Yupo aliyekataa kufika peke yake. Mama amenyoosha mikono, haoni, anangoja aambiwe. Semeni upesi, jua linazama: je, nani alistahili?