Kwa Nini Njia ya Magadi Haikwepi Kaburi

Hapo kale, kabla watu wa milimani hawajajua chuma, hawakuwa na njia ya kudumu. Mtu akifia safarini aliachiwa fisi majanini, na njia ikahamishwa, maana hakuna aliyetaka kukanyaga tena mahali pale. Njia ilihama leo, ikahama kesho, na ukungu ukishuka watu walipotea na mifugo yao.

Siku moja Tapkigen alikuwa akirudi na mumewe, mama yake na wenzao kutoka kulambisha ng'ombe magadi ng'ambo ya mlima. Huko juu kabisa kwenye upepo, mama yake mzazi akaketi kupumzika, akakata roho.

"Twende, mke wangu," akasema Kimosop, mumewe. "Sote tutaachwa hivi hivi."

"Mama alinipitisha hapa nikiwa mgongoni," Tapkigen akajibu. "Fisi hawamli."

Ardhi ilikuwa mwamba mtupu, haichimbiki. Basi akamfunika kwa mawe, peke yake, vidole vikimtoka damu, mpaka rundo likamfika kifuani. Aliporudi nyumbani, watu wote wakampa kisogo. Amewaletea mkosi, walisema. Asiguse mtungi wa mtu, asikanyage ua wa mtu. Kimosop naye akahamia kwa kaka yake. Iliuma, niwaambieni ukweli: kufiwa na mama, kisha kukimbiwa na mume.

Masika yakaja. Kimosop akapeleka ng'ombe wa ukoo mzima kwenye magadi, na wakati wa kurudi ukungu ukashuka mzito, hata mkono wake hauoni. Ukingo wa genge ulikuwa hatua chache mbele, naye hajui. Mara goti lake likagonga jiwe, puu! Akapiga yowe. Akapapasa, akakuta jiwe juu ya jiwe, akajua alipo. Akageuza ng'ombe, wakashuka salama, hakupotea hata ndama.

Alifika kwa Tapkigen akichechemea. "Mama mkwe amenionyesha njia," akasema, macho chini. "Nisamehe."

Tapkigen alilitazama lile goti lililovimba, akaenda kuchemsha maji ya kulikanda. Kesho yake Kimosop alipanda mlima na jiwe begani, ukoo mzima nyuma yake, kila mtu na lake.

Na tangu siku hiyo njia ya magadi haijahama. Inapita palepale kaburini, na kila apitaye huongeza jiwe, ndiyo maana rundo linazidi kukua. Wanaume hushika goti kwanza. Na kina mama wenye watoto mgongoni huwateremsha pale, wakawapa kokoto, waziweke kwa mikono yao wenyewe.