Firigisi ya Jogoo wa Nyamizi

Hapo zamani, wala si zile za fisi kuongea na sungura, ni hizi za juzijuzi za redio moja kijiji kizima, aliishi nje ya mji wa Tabora mwanamke aitwaye Nyamizi. Mumewe, Kasubi, alipanda treni kwenda Tanga kukata mkonge. Alisema anakwenda na kurudi. Kwenda alikwenda. Kurudi ndiko kulikomshinda.

Mvua zikaja zikapita, zikaja tena. Mwishowe msafiri mmoja akaleta habari kwamba kule kwenye mashamba hakuna mtu anayeitwa Kasubi. Wakwe wakakaa kikao, wakamwita Nyamizi.

"Mdogo wangu amekufa," akasema shemeji yake mkubwa. "Nyoa nywele, ukae eda, kisha utarithiwa."

"Nani kaiona maiti?"

"Hakuna."

"Basi, shemeji, siwezi kumlilia mtu ambaye huenda saa hizi anakunywa chai."

Aliyasema hayo kwa sauti kavu, akatoka nje. Walikuwa wamempa muda mpaka karanga zivunwe.

Akaenda moja kwa moja kwa Kalunde, manju wa ngoma.

"Dada, nitungie wimbo."

"Wa kumlilia mumeo?"

"Wa kumsuta. Maneno ninayo."

Kalunde akauimba kwenye harusi moja pale kijijini:

*Kasubi, jembe lako limeota kutu,*
*mbuzi wa jirani anakula muhogo wako;*
*kama umekufa, sema,*
*tuache kukupikia.*

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wakwe hawakucheka. Waliipasua ngoma ya Kalunde na kukataza asialikwe tena popote. Kalunde akaenda kuuimba sokoni kwa kupiga makofi. Huko wakamkuta watu wa redio waliokuwa wakizunguka na mashine ya kunasia sauti. Wakainasa sauti yake, wakaondoka nayo.

Siku redio ya dukani ilipoutoa wimbo ule, Nyamizi alikuwepo, amekuja kununua chumvi. Alicheka pamoja na wenzake. Kisha akazunguka nyuma ya duka, akalia peke yake.

Karanga zikakomaa. Nyamizi alikuwa ameinama anazing'oa, polepole kuliko kawaida yake, alipoona watu watatu njiani. Mbele mwanamke wa pwani katika baibui. Nyuma yake mwanamume aliyevaa koti la reli. Na nyuma yao, akijificha kama mbuzi aliyetoka kula shamba la watu, Kasubi.

"Umechelewa," Nyamizi akasema. "Ugali umepoa."

Halafu akakaa juu ya karanga zake.

Jogoo akachinjwa, Kalunde akaitwa, mkeka ukatandikwa. Sasa, kwa watu wale firigisi haikatwi. Ni ya mmoja tu, yule anayeheshimiwa kuliko wote mkekani. Kasubi, kwa mazoea ya mwenye nyumba, akanyoosha mkono.

"We!" wakasema wote kwa pamoja. Mkono ukarudi.

Mwanamke wa pwani, Bi Mwanakombo, akaanza. "Mimi nina hoteli ya chai kule mashambani. Huyu alijiandikisha kazini kwa jina la Pazi. Ungemtafuta Kasubi mpaka uzeeke! Redio ilipoimba, hoteli nzima ilicheka. Yeye peke yake akajimwagia chai mapajani. Nikamwambia, 'Bwana Pazi, mbona wimbo umekuunguza?' Akasema anaona aibu kurudi, hana hata kanga ya kumpelekea mkewe. Nikamuuliza, 'Kwani humo kwenye wimbo umesikia kanga?' Nikafunga hoteli, nikamburuta mpaka kituoni, nikapanda naye. Bila mimi, shoga yangu, mumeo angekuwa Pazi mpaka leo."

"Na Dodoma ulilala," akasema yule wa koti, Ndahani, aliyekuwa gadi wa treni.

"Nilisinzia kidogo."

"Ulikoroma, mama. Huyu akashuka na furushi lake, akakaa kwenye benchi, treni kaipa mgongo. Nikamwambia panda. Akasema, 'Iache iende. Sina uso wa kumtazama mke wangu.' Nikamuuliza, 'Kwani wewe nani?' Akasema, 'Kasubi.' Nikajua ni yule wa kwenye wimbo! Nikaikunja bendera ya kijani, ile ya kuiruhusu treni iondoke, nikakaa kando yake. 'Basi haiendi,' nikamwambia, 'tutakaa wote.' Abiria wakatutukana, dereva akapiga honi mpaka akachoka. Mwishowe alipanda. Tulipofika Tabora, wakubwa wakaninyang'anya bendera. Kazi sina. Na firigisi nayo mninyime?"

Kalunde akabetua mdomo. "Mmoja kaisikia redio, mwingine kakaa kwenye benchi. Na redioni ilikuwa sauti ya nani? Ngoma yangu wameipasua, harusini siitwi, na bado niliimba."

"Lakini," Kasubi akasema kwa sauti ndogo, "aliyerudi ni mimi."

"Ungeletwa hata ndani ya gunia!" Mwanakombo akamjibu, na kicheko kikazuka.

Mama mkwe, kikongwe aliyeketi pembeni, ndiye aliyekikata. "Na maneno ya wimbo yalikuwa ya nani? Na nani alikataa kunyoa, sisi wengine tulipokwisha kata tamaa?"

Nyamizi alihisi uso ukimpata moto. Tangu azaliwe alikuwa amepika firigisi nyingi, na hakuijua hata moja ladha yake. Akaichota kwa upawa, akasimama nayo, mchuzi ukidondoka, macho yote yakiufuata upawa kama kuku wanaotupiwa mtama.

Haya, nyie mnaosikiliza huku mnameza mate: manju aliyeimba, mama wa chai aliyemburuta, gadi aliyeizuia treni, mume aliyerudi, au mke aliyekataa kunyoa? Je, nani alistahili firigisi ile?